Buni Katika Nchi Isiyo na Mibuni

Neno mbuni lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni ndege mkubwa asiyeruka, mwenye shingo ndefu na miguu ya mbio. Maana ya pili ni mti uzaao buni, yaani tunda ambalo punje zake hukaangwa na kutwangwa zikawa kahawa. Wingi wa ndege ni mbuni, na wingi wa mti ni mibuni. Mwanafunzi wa Garissa hana shida ya kumjua mbuni wa kwanza, kwa kuwa ndege yule angali akionekana katika nyika za kwetu, akitembea kwa maringo kati ya miti ya migunga. Lakini mbuni wa pili hajapata kuuona nyumbani kwao. Arabika, ambayo ndiyo kahawa ilimwayo zaidi katika Kenya, hustawi katika nyanda za juu, aghalabu meta 1,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mahali penye mvua nyingi na baridi ya wastani. Mji wa Garissa uko karibu meta 150 tu juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali mwaka mzima, na mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 400 kwa mwaka. Mbuni ukipandwa pale na kuachwa kwa jua na mvua ya nchi utakauka kabla ya kuchanua.

Walakini, msomaji, nataka nikuonyeshe katika kurasa hizi chache kwamba nchi ile isiyo na mibuni inayo sanaa ya buni, na kwamba chimbuko la sanaa hiyo ni la kale kuliko shamba lolote la kahawa la Kenya. Nataka pia nikuonyeshe kwamba sanaa hiyo ni mali, ingawa haijapata kuandikwa katika hesabu ya mali.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni swali la mwanafunzi. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi katika shule za sekondari za sehemu zetu, na kila mwaka huja siku ya kufundisha mazao ya biashara. Ramani hutundikwa ukutani. Kericho pamechorwa majani ya chai. Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru na Kisii pamechorwa matunda mekundu ya buni. Pwani pamechorwa minazi na mikorosho. Upande wetu, ambao ni nchi pana sana katika ramani ile, umepakwa rangi moja ya kahawia, na katikati yake amesimama ngamia mmoja. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza kwa utulivu, "Mwalimu, katika habari hii ya kahawa, sisi tumo wapi?" Darasa zima lilicheka, lakini yeye hakucheka. Nilimwambia aende nyumbani akamwulize nyanya yake, kisha aje atusimulie. Makala hii ni jibu langu mwenyewe kwa swali lile, nalo ni jibu refu kidogo.

Tuanze na jina. Waamhara na Waoromo husema buna, Wasomali husema bun, Waarabu husema bunn, na sisi katika Kiswahili twasema buni. Ukiyatamka majina haya moja baada ya jingine, ni kama kusikiliza ngamia wa msafara mmoja wakipita mlangoni pako usiku: kengele ni zile zile. Kwao asili kwa mbuni wa arabika ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, katika nchi za Kafa na jirani zake. Tena, katika msitu wa Mlima Marsabit, ambao ulikuwa ndani ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya zamani pamoja na Garissa, wataalamu wamekuta mibuni ya arabika ikiota porini yenyewe. Kutoka Ethiopia buni ilivuka bahari ikafika Yemen, na katika karne ya 15 wafuasi wa tarika za Kiislamu huko walikuwa wakinywa kahawa ili wakeshe katika ibada za usiku. Mwaka 1511 mtawala wa Makka aliipiga marufuku, akidhani kwamba inawapotosha watu, lakini marufuku yake haikudumu. Bandari ya Mokha ikapata sifa duniani kote kwa kahawa iliyopakiwa pale.

Hizo ni habari za kahawa ya kunywa. Lakini kuna kahawa nyingine ambayo vitabu vya shule havitaji sana, nayo ni kahawa ya kula. Mskoti mmoja aitwaye James Bruce alizuru Ethiopia kati ya miaka 1769 na 1772, na kitabu chake cha safari kilichapwa mwaka 1790. Humo alieleza kwamba wafugaji wa Kioromo walipokwenda safari za mbali walichukua buni iliyokaangwa na kusagwa, ikachanganywa na siagi, ikafinyangwa iwe matonge ya mviringo, na kutiwa katika mifuko ya ngozi. Tonge moja, alisema, lilimtosha mtu kwa kutwa nzima ya kazi na taabu, likampa nguvu kuliko mkate au nyama. Fikiri, msomaji: hiyo ilikuwa miaka 100 na zaidi kabla ya mbuni wa kwanza kupandwa katika Kenya kwa ajili ya biashara.

Maana mibuni ya biashara ilikuja Kenya mwaka 1893, ilipopandwa na mapadre wa Kifaransa huko Bura, katika milima ya Taita. Baadaye walowezi wa Kizungu walipanda mashamba makubwa karibu na Nairobi na Thika, na Mwafrika akazuiwa kwa miaka mingi asiipande. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo aliporuhusiwa kidogo kidogo, kwanza katika Kisii, Embu na Meru. Na baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kilimo hicho kilienea kwa wakulima wengi wadogo. Wakati huo huo sisi wa kaskazini tulikuwa tumefungiwa kwa sheria za namna nyingine. Amri ya mwaka 1902 na ile ya 1934 zilifanya nchi yetu kuwa nchi iliyofungwa, isiyoingiwa wala kutokwa bila kibali. Hata baada ya uhuru, sheria za hali ya hatari zilizoanza mwaka 1963 hazikuondolewa mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa katika miaka hiyo, kama nilivyozaliwa mimi, alizoea kusikia mahali pengine pa Kenya pakiitwa "Kenya", kana kwamba yeye alikuwa nje yake.

Hapo ndipo utakapoona uzito wa swali la msichana yule. Hakuuliza habari za kilimo tu. Aliuliza kama anayo sehemu katika jambo ambalo taifa lake hujivunia.

Basi nikueleze jinsi buni inavyoandaliwa kwetu, kama nilivyoiona mikononi mwa nyanya yangu, ambaye sisi kwa Kisomali humwita ayeeyo.

Buni itakiwayo ni ile iliyokaushwa pamoja na ganda lake, isiyomenywa. Ayeeyo aliimwaga katika ungo, akaipepeta, akaichambua punje baada ya punje. Iliyotobolewa na mdudu aliitupa. Iliyo nyepesi kama pumba aliitupa. Iliyobaki aliiosha na kuikausha. Kisha ilifuata kazi ya meno, ambayo ilikuwa kazi yetu sisi watoto. Kila tunda lilipaswa kung'atwa nchani mpaka ganda lifunguke kidogo, wala lisipasuke lote. Sababu yake ni hii: tunda lililofungika likitiwa katika samli ya moto, hewa na unyevu ulio ndani hutanuka, nalo hulipuka na kurusha samli usoni mwa mpishi. Kwa hiyo mtoto mvivu aliyepitisha matunda bila kuyang'ata alijulikana upesi, kwa sababu sufuria yenyewe ilimshitaki.

Samli ilikuwa ya ng'ombe, iliyotengenezwa nyumbani, nayo ilitiwa katika chungu juu ya moto mdogo. Ayeeyo hakuwa na saa wala kipimo. Alisikiliza. Samli ikiacha kutoa sauti ya maji, alijua kwamba iko tayari, akaimimina buni. Alikoroga polepole bila kuacha. Matunda yalianza kuvimba, yakabadilika kutoka rangi ya udongo mpaka rangi ya ngozi ya tende mbivu, yakang'aa. Harufu ilipanda ikatoka nje ya nyumba, na majirani walioisikia walijua kwamba kuna dua. Alipoona kwamba ganda limekuwa jepesi kuvunjika kwa jino, aliepua. Akizidisha kidogo, buni huungua na samli huwa chungu. Akipunguza kidogo, buni huwa ngumu kama kokoto. Kati ya kuzidisha na kupunguza pana nafasi ndogo sana, na mkono wa ayeeyo uliijua nafasi hiyo kama mguu unavyokijua kizingiti cha nyumba yake gizani.

Buni iliyoiva huliwa pamoja na samli yake. Hutiwa katika bakuli la mti, na pengine huwekwa pamoja na bisi. Mkubwa wa umri hutangulia kuchota. Baada ya kula, ile samli iliyobaki vidoleni haifutwi kwa kitambaa: hupakwa mikononi na kichwani, na harufu yake hubaki mpaka kesho yake. Wakati huo ubani hufukizwa, na wazee huomba: wagonjwa wapone, mvua inyeshe, msafiri arudi salama, mzazi ajifungue kwa heri, wafu warehemewe. Wote waliopo huitikia amina. Hakuna buni ya mtu mmoja. Sijapata kumwona mtu akijikaangia buni akala peke yake. Angefanya hivyo, watu wangemhofia kwamba ana maradhi ya moyo.

Jirani zetu Waborana nao wanayo desturi iliyo ndugu ya hii, nao huiita buna qala. Neno qala maana yake ni kuchinja. Kule kung'ata ncha ya tunda huhesabiwa kuwa ni kuichinja buni, kana kwamba ni mnyama wa sadaka. Buni hukaangwa katika samli, maziwa huongezwa, na wakubwa hubariki. Waorma, walio ng'ambo ya pili ya Mto Tana, hula vile vile buni yao kwa samli. Makabila haya yamepata kugombania visima na malisho mara nyingi, na damu imemwagika. Walakini wote watatu, wanapotaka kumwomba Mungu amani, hunyosha mkono katika bakuli la namna moja.

Katika maisha yangu nimekula buni mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, lakini mara moja haifutiki moyoni. Ni usiku ule kabla sijaondoka kwenda shule ya bweni, mbali na nyumbani. Siku hizo magari yalikwenda kwa msafara wenye askari, na safari yenyewe ilikuwa jambo la hofu. Baba alikuwa hana fedha za kuninunulia sanduku. Nguo zangu zilifungwa katika shuka. Ayeeyo alitoa kibweta chake kidogo, akafungua kitambaa kilichofungwa mafundo mawili, akatoa buni aliyoiweka kwa miezi mingi. Akaikaanga yote. Alipomaliza kunipaka samli kichwani aliniambia, "Mjukuu wangu, buni hii imetoka mbali, tena imefika kwetu salama. Nawe nenda mbali, ufike salama." Hakuwa amesoma hata herufi moja. Lakini tazama jinsi alivyofikiri: alikuwa ameichukua safari ya tunda lile akaifanya kuwa dua ya safari yangu. Nimesikia hotuba nyingi tangu siku ile, na sijasikia iliyoniandaa kuliko maneno yale.

Sasa nikuambie jambo la ajabu kidogo katika habari za biashara. Katika viwanda vya wakulima, buni nyekundu huletwa siku ile ile ilipochumwa. Humenywa ganda, huchachushwa ili utelezi wake utoke, huoshwa kwa maji mengi, kisha huanikwa juu ya vichanja. Hiyo ndiyo kahawa ya daraja la juu, ipendwayo na wanunuzi wa ng'ambo. Yale matunda yaliyokaushwa pamoja na maganda bila kuoshwa, ambayo wafanyabiashara wa Kenya huyaita mbuni, huhesabiwa kuwa ya daraja la chini, na bei yake ni ndogo. Walakini ganda lile linalodharauliwa ndilo hasa mpishi wa kwetu alitakalo, kwa sababu ndani ya ganda ndimo samli hukaa, na ganda ndilo livunjikalo kinywani kwa utamu. Mahali pengine mtu hulitupa ganda akaiweka punje. Kwetu ganda na punje huheshimiwa pamoja. Daraja la kitu, basi, hutegemea mtu anataka kukitumia kwa kazi gani.

Wala usidhani kwamba watu wa kaskazini ni peke yao katika jambo hili. Huko Bukoba, katika Tanzania, Wahaya huchemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, huikausha, na kumpa mgeni aitafune. Katika Buganda ya zamani, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akapaka punje yake damu yake, wakabadilishana na kumeza. Waliona kwamba punje mbili hulala katika tumbo moja kama mapacha, wakapata mfano wa undugu. Katika Ethiopia kahawa hunywewa kwa duru tatu, na duru ya tatu huitwa baraka. Katika Mombasa na Lamu, muuza kahawa hupita na dele lake lenye makaa chini, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wajue kwamba amefika, na barazani watu huongea mpaka usiku. Mahali pote hapa utaona jambo moja: buni huwakutanisha watu.

Labda utaniuliza: yawezekanaje watu wasiopanda kahawa waseme kwamba ni urithi wao? Jibu liko mbele ya macho ya ulimwengu. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandika utamaduni wa kahawa ya Kituruki katika orodha yake ya urithi wa wanadamu, na Uturuki si nchi ya mibuni. Mwaka 2015 liliandika pia kahawa ya Kiarabu kuwa ni alama ya ukarimu, kwa ombi la Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudia, Oman na Qatar. Nawe wajua kwamba Qatar ni mchanga na bahari. Mataifa hayo hayakusifiwa kwa wingi wa magunia. Yalisifiwa kwa namna ya kukaanga, kumimina, kumkaribisha mgeni na kumheshimu mzee.

Tazama hata mbali zaidi, kule Ufilipino. Katika mkoa wa Batangas watu hujivunia kahawa yao kali iitwayo barako. Ni ya jamii ya Liberica, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa kutu ya majani uliharibu mashamba ya kahawa ya huko, yaliyokuwa yameleta utajiri mkubwa, na wakulima wengi waliiacha kahawa wakashika mazao mengine. Lakini kaya nyingine zilibaki na miti yao na desturi zao, na leo barako ni jina la fahari kwa Wafilipino. Mti ulitoka Afrika. Namna ya kuutunza na kuuenzi ni yao. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Buni ni mgeni katika Garissa, nasi wenyeji tumepona kwa kuja kwake.

Tena hatuko mbali na mashamba yale kama ramani inavyotaka tuamini. Mto Tana huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Vijito vyake hupita katika Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru, kando ya vilima vilivyofunikwa kwa mibuni, na maji ya vijito hivyo ndiyo huoshea kahawa katika viwanda vya wakulima. Mvua iliyonyeshea mibuni ya juu hushuka kwa siku kadhaa, hupita katika mabwawa, kisha hufika chini ya daraja la Garissa ikiwa na rangi nyekundu ya udongo wa huko. Ng'ombe wetu huyanywa maji hayo, na katika maziwa yao hutoka samli. Kwa hiyo samli na buni vinapokutana katika chungu, ni vitu viwili vilivyowahi kunyweshwa na mvua moja.

Lakini sanaa hii iko hatarini, na sitaki kulificha jambo hilo. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi imechukua nafasi kubwa katika nyumba zetu, kwa kuwa ni rahisi na hutengenezwa upesi. Vijana wa mjini hununua kahawa ya unga ya kopo, wakaikoroga katika maji ya moto, wakadhani kwamba wamemaliza habari za kahawa. Juu ya hayo, samli yenyewe imepungua. Kati ya miaka 2020 na 2023 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mifugo isiyohesabika ilikufa. Niliona nyumba ambazo buni ilikaangwa kwa mafuta ya dukani kwa sababu hapakuwa na ng'ombe wa kukamwa. Wazee walikula, wakaomba, wala hawakusema neno. Lakini nilimwona mmoja akinusa vidole vyake kisha akavitazama kwa muda mrefu. Ng'ombe wanaweza kununuliwa tena mvua ikirudi. Ujuzi wa mkono ukifa pamoja na mwenye mkono, hapana mnada unapouzwa.

Wako wasemao kwamba desturi haimshibishi mtu, na kwamba kijana wa Garissa ahitaji maji, barabara na kazi kuliko buni iliyokaangwa. Maneno hayo yana ukweli, nami sitayapinga. Maji na barabara ni haki yetu, na tuzidai. Lakini nimewaona vijana waliopata kazi nzuri katika miji mikubwa, ambao wakiulizwa kwao kuna nini hujibu kwa aibu, "Hakuna kitu." Mtu anayeamini kwamba kwao hakuna kitu hawezi kudai lolote kwa sauti iliyo imara, kwa kuwa ndani ya moyo wake amekwisha kujiona kuwa mwombaji. Ajuaye kwamba bibi zake walikuwa mafundi husimama namna nyingine mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo nakuomba, msomaji, uwe wa Garissa au wa mahali pengine po pote, ufanye kazi moja ndogo. Katika nyumba yenu au ya jirani yenu yuko mtu ajuaye kutengeneza kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza. Huenda ni buni. Huenda ni maziwa ya ngamia yanayohifadhiwa katika chombo kilichofukizwa kwa moshi. Huenda ni mkeka, dawa au mtego wa samaki. Kaa naye. Muulize anachagua nini na anatupa nini, na kwa sababu gani. Muulize anajuaje kwamba kitu kimeiva: kwa sauti, kwa rangi, au kwa harufu. Mwombe akuachie ufanye wewe huku yeye akitazama, kwa kuwa mkono haujifunzi kwa kusikia. Kisha andika kila neno katika daftari, kwa lugha yake na kwa Kiswahili, utaje jina la kila chombo. Ukikaanga buni yako ya kwanza huenda ukaiunguza. Kaanga ya pili.

Na kama mwanafunzi mwenzako akikuuliza, mbele ya ramani ya mazao, watu wa kaskazini wamo wapi katika habari ya kahawa, sasa unaweza kumjibu. Mwambie wamo mahali pa wale waliopokea tunda kutoka mbali, wakalifanya kuwa dua, wakaiweka dua hiyo hai katika nchi ya jua kali pasipo hata mti mmoja wa kuwasaidia.